Fundo la Leso

Msikilizaji, leo naanza na fundo.

Ni fundo la leso, lile ambalo kila mama wa Pwani hulifunga bila kutazama. Ncha moja ya leso ilikuwa imezungushwa kwenye nguzo ya banda, nje kidogo ya mlango wa jikoni. Ncha ya pili ilikuwa kiunoni mwa mvulana wa miaka saba. Boma lenyewe liko bara ya Kaunti ya Kilifi, upande wa Ganze, ambako mvua ikikosa msimu mmoja tu, safari ya maji hugeuka kazi ya nusu siku.

Mamake alikuwa ameenda kuteka. Nilifika kabla hajarudi, nikasimama uani nimeduwaa, na nakiri kwamba neno la kwanza lililonijia moyoni lilikuwa ukatili. Alipofika, mtungi kichwani, aliiona sura yangu akaisoma. Hakujitetea. Alitua mtungi, akapangusa jasho, akanionyesha. "Kamba ilikuwa inamchubua," akasema, "nikaona leso. Nafunga hapa kwa sababu hapa kivuli kinakaa mpaka saa nane. Na fundo naliweka mgongoni, mbele analifungua." Kwenye nguzo palikuwa na mahali pamelainika kwa kusuguliwa, na juu yake kidogo pengine pameanza kulainika: mtoto alikuwa amerefuka, na fundo likapanda naye. Alianza kumfunga akiwa na miaka minne, baada ya mchana mmoja ambapo mtoto alitoka uani bila mtu kumwona, akapatikana magharibi ameketi ukingoni mwa bwawa, miguu majini.

Sitetei kumfunga mtoto. Mtoto hafungwi. Lakini nataka tuanzie pale nguzoni, kwa kuwa mama yule alinihesabia watu waliopita bomani mwake na kuiona leso. Pasta alipita. Mwalimu alipita. Shemeji zake, majirani, mtu wa shirika fulani aliyekuja na daftari. Wote walimwambia neno moja, usimfunge. Nikamuuliza, kati yao kuna aliyesema, nenda kateke maji, mimi nitakaa naye? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la lugha ngeni.

Hebu tuikalie siku ya mama huyu.

Anaamka saa kumi alfajiri. Wanawake wengi wa bara huamka saa hiyo. Tofauti ni kwamba yeye hakulala. Watoto wengi wenye usonji, kama huyu mwanawe, wana shida ya usingizi, na wa kwake akishtuka saa saba za usiku, ndio kumekucha. Anazunguka chumba, anagonga ukuta, anatoa sauti moja ile ile mpaka majogoo. Mama hukesha ameegemeza mgongo mlangoni asije akatoka. Asubuhi kuna maji, saa nzima kwenda na zaidi ya saa kurudi na mzigo. Kuna kuni. Kuna shamba, na siku hizi shamba analilima ile sehemu tu ambayo akiinama na jembe bado anaiona nguzo. Nilipima kwa macho: robo, labda pungufu. Kwingine kote kumeota magugu.

Zamani alikuwa akiuza kunde na mihogo siku ya soko. Ameacha. Alikuwa kwenye chama cha akina mama, wakichanga kila wiki na kupeana kwa zamu. Alikosa mikutano mitatu akatozwa faini, akakosa wa nne, jina likafutwa. Hakuna aliyemfanyia ubaya, ndivyo kanuni za chama zisemavyo. Na matanga haendi. Hapa, ndugu zangu mlioko mjini, nawaomba mnisikilize vizuri. Kijijini, mtu asiyeonekana matangani anajipunguzia watu. Siku yake ikifika, wa kuchimba watakuwa wachache, na wa kupika vilevile. Mama huyu alikwenda mara moja na mtoto. Kile kilio kikamtia mtoto hofu, akapiga ukelele uliopita sauti za wafiwa, akakurupuka, akaangusha sufuria ya wali. Macho yaliyomgeukia mama siku hiyo bado anayaona.

Kwa hiyo ukiniuliza ulemavu wa mtoto umechukua nini katika nyumba ile, jibu langu halitatoka katika vitabu vya hospitali. Umechukua saa za mama, kisha ukamchukulia watu wake. Na msaada usiomrudishia vitu hivyo viwili, hata ukija na gari lenye nembo ubavuni, utamwacha pale pale karibu na nguzo.

Neno usonji tunalisema sana hapa studioni, hasa mwezi wa Aprili. Tarehe 2 Aprili ni siku ya kimataifa ya kukuza uelewa kuhusu usonji, iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Katika boma lile neno hilo halikuwa limefika. Lililofika ni majini, na amechezewa, na mwana huyu hajakamilika. Mtafiti Joseph Gona na wenzake waliwahi kuwauliza wazazi na wataalamu wa Pwani ya Kenya wanadhani usonji unatokana na nini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Watu walitaja pepo, uchawi na laana. Walitaja pia urithi, magonjwa, na shida wakati wa kujifungua. Maelezo yote hayo hukaa katika kichwa kimoja bila kugombana. Mama huyohuyo atampeleka mtoto hospitali Jumatatu, kwa mganga Jumatano, na Jumapili awekewe mikono kanisani. Simcheki hata kidogo. Anatafuta mlango, na anagonga kila mlango anaouona.

Kinachoniuma ni gharama ya huko kutafuta, na lawama inayoambatana nayo. Mbuzi watatu wa nyumba ile walikwenda kwa waganga. Na kila mganga aliuliza swali ambalo ncha yake ilikuwa inamwelekea mama: ulivunja mwiko gani, ulipita wapi ukiwa mja mzito, mtoto ni wa nani?

Msikilizaji, usidhani lawama hii ni ujinga wa kijijini. Daktari Leo Kanner, aliyeandika maelezo ya watoto 11 wenye hali hii huko Marekani mwaka 1943 na kuipa jina la kitaalamu, aliwaeleza wazazi wao kama watu wasio na joto la upendo. Bruno Bettelheim wa Chicago alikwenda mbali zaidi: katika kitabu chake cha mwaka 1967 aliwabebesha wazazi, hasa akina mama, kosa la hali ya watoto wao. Mama wa Marekani mwenye nyumba ya umeme na gari mlangoni alihojiwa na profesa swali lile lile analohojiwa mama wa Ganze chini ya mwembe. Aliyelikata hilo mapema alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwenyewe alikuwa na mwana mwenye usonji. Mwaka 1964 alitoa kitabu akionyesha kwamba chanzo kiko katika maumbile ya ubongo. Ilibidi mzazi ndiye aseme.

Basi nami nitasema kwa sauti, na kama una mama wa namna hii karibu yako, ongeza sauti ya redio. Hukumfanya mwanao hivi. Usonji ni namna ambavyo ubongo wa mtoto unakua, mambo huanza mapema sana, na urithi una mkono mkubwa. Chanjo haina hatia: yule daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, aliyeandika mwaka 1998 kuihusisha chanjo ya surua na usonji, mwaka 2010 makala yake yalifutwa na jarida lililoyachapisha, na leseni yake ya udaktari ikafutwa mwaka huo huo. Mpeleke mtoto achanjwe. Surua inaua.

Tena si kila mtoto anayechelewa ana usonji. Wapo wenye mtindio wa ubongo kwa sababu walikosa hewa wakizaliwa, au manjano ya siku za kwanza hayakutibiwa, au malaria kali na homa ya uti wa mgongo ziliacha alama. Wapo ambao shida ni masikio tu, hawasikii, na watu wamewaita mabubu wasioelewa. Kwa hiyo mtoto asiyegeuka akiitwa jina lake, asiyenyoosha kidole kuonyesha kitu ilhali amepita mwaka mmoja na nusu, au aliyekuwa na maneno mawili matatu kisha yakapotea, apelekwe akaangaliwe, na masikio yawe ya kwanza kupimwa. Akiwa anaanguka kifafa, kifafa kina dawa, nyingine za bei ya chini na za miaka mingi, ila zisikatishwe ghafla. Wazee wetu waliihusisha degedege na ndege anayepita usiku. Ndege apite zake, mtoto aende zahanati.

Je, watoto hawa ni wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 duniani mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Hapa kwetu Kilifi, utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipita kwa watoto zaidi ya 10,000 wa miaka 6 hadi 9, ukakuta 61 katika kila 1,000 wana matatizo ya wastani au makali ya ubongo na neva, kuanzia kifafa na uelewa hadi kusikia na viungo. Naikumbuka hesabu hii kila nikipita mbele ya shule ya msingi ya kijijini wakati wa mapumziko: ukizidisha, unajua kuna waliobaki nyumbani. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya kuwatafuta watoto wenye usonji Afrika. Alikuwa amezuru miji tisa ya nchi sita, Kenya ikiwamo, akaingia katika taasisi za watoto wenye ulemavu wa akili. Kazi yake ni ya heshima. Lakini sikia: miji, na taasisi. Mtoto wa boma la mbali hakuwa katika hesabu kwa sababu hakuwa mahali penye mlango wa kubisha. Karibu nusu karne imepita, na mara nyingi bado tunamtafuta pale pale, penye lami.

Nitawapa mfano. Mtoto mwenye ulemavu mkali Kenya ana haki ya kufikiriwa katika mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini kwanza atathminiwe hospitali, karatasi ijazwe na kugongwa muhuri, asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Niliandamana na mama huyu siku moja. Bodaboda mpaka barabara kuu, mtoto katikati yetu, amejifunika masikio kwa sababu ya mlio wa injini. Kisha matatu, na kondakta aliyetaka mtoto alipiwe kiti "kwa sababu anasumbua". Tulifika saa nne. Tukakaa kwenye benchi hadi saa sita. Muuguzi mmoja mwema akaja kutuambia daktari anayehusika yuko semina, turudi Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu.

Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 1,000, alizozipata kwa kuuza kuku wawili. Nusu ya pesa za mwezi ambazo hajaanza hata kuzipokea. Alhamisi hakurudi. Ningekuwa ofisa nikasoma jalada lake ningeandika kwamba mlezi hakufuatilia. Mwanzoni nami niliona ni uzembe kidogo, mpaka alipoanza kunitajia bei ya kuku.

Sheria tunazo, na ni nzuri. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima, hata majina anayoitwa yasiwe ya kumdhalilisha. Ina maana ukimwita mtoto zuzu au taahira umeikanyaga Katiba, uwe umesoma au hukusoma. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003 imepisha mpya ya 2025. Vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu kabla ya kupangiwa shule vilianza nchini tangu 1984. Tatizo ni mwendo. Karibu kila haki hii inamngoja mama aifuate, amebeba mtoto wa miaka saba mgongoni.

Sasa nije kwenye jambo linalonipa moyo, maana sikuja leo kulalamika tu.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo kwa walezi wa watoto wenye ucheleweshi wa ukuaji na ulemavu, walio na umri wa miaka 2 hadi 9. Ni vikao tisa vya kikundi na matembezi matatu ya nyumbani. Yamejaribiwa katika nchi nyingi, Ethiopia na Kenya zikiwamo. Uzuri wake ni kwamba hayakutungwa yaendeshwe na madaktari bingwa, ambao hatuna. Yanaendeshwa na mtu wa kawaida aliyefundishwa, mhudumu wa afya, mwalimu, hata mzazi mwenzao. Na kifaa kikubwa cha kufundishia ni kazi za nyumbani zenyewe: kuoga, kula, kuteka maji, kufua.

Niliona jambo hilo kwa macho, katika boma lile lile. Mvulana yule haongei. Akiwa na kiu, hushika mkono wa mamake kwenye kiwiko, akauongoza hadi kwenye mtungi kana kwamba mkono ule ni kata tu. Hamtazami mama; anautazama mkono. Kwa miaka mitatu mama alikuwa akiteka na kumpa. Mhudumu mmoja wa afya ya jamii, aliyepata mafunzo ya namna hii, akamwambia: usimpe mara moja. Teka, kisha iinue kata iwe usawa wa macho yako. Sema neno moja tu, "maji". Usiseme "mwanangu unataka maji ya kunywa". Moja. Kisha ngoja, hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Akikutazama, au akitoa sauti yoyote, mpe hapo hapo.

Nilikuwepo siku ya kwanza. Mama alipofika "tatu" mtoto alipiga yowe akajigonga kifuani. Mama aligeuka kumtazama mhudumu, mhudumu akatikisa kichwa taratibu: ngoja. "Nne." Macho ya mtoto yakapanda kutoka kwenye kata, yakagusa uso wa mama, yakashuka. Ilikuwa chini ya sekunde moja. Mama akampa maji haraka hata mengine yakamwagika kifuani. Baadaye alikaa kwenye kigoda akasema, "Ameniona." Mtoto wa miaka saba.

Niliporudi baada ya miezi miwili mvulana alikuwa akisema "ma". Kama ni maji au ni mama, mamake haulizi, anateka.

Tazama basi tuna nini mkononi. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wenye mikoba ya vifaa na simu, wanaopita nyumba kwa nyumba. Hawa ndio walio langoni tayari. Wanajua nani amejifungua, nani ana kikohozi kisichokwisha. Kuwaongezea ujuzi wa kumtambua mtoto huyu na wa kumfundisha mlezi wake ni kazi inayowezekana. Ila tusiwatwike bure. Wanalipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikigawana, na mara nyingi hata hizo huchelewa. Mtu anayetembea kilomita nane kwenda kukaa saa mbili na mama mmoja hafanyi ziada ya kazi yake. Hiyo ndiyo kazi, na ilipwe. Na ile karatasi ya tathmini ya hospitali, kwa nini daktari asiwafuate wagonjwa mara moja kwa miezi mitatu, akakaa kwenye zahanati ya wadi siku nzima, wazazi wakatangaziwa mapema na chifu na sisi wa redio? Kampeni za chanjo tunazipeleka mpaka chini ya mbuyu. Hili nalo lingewezekana, na ningelitangaza bila kudai senti.

Huko Kilifi pia, Gona na mwenzake Karen Bunning walisaidia kuanzisha vikundi vya walezi wa watoto wenye ulemavu. Si vyote vilidumu, na yeyote aliyewahi kuwa kwenye chama anajua sababu. Vilivyodumu vilikuwa na kitu ambacho nafikiri ndicho chenyewe: walezi walichanga, wakakopeshana, wakafanya vijimiradi, na huku wakifanya hayo wakawa wanaongea. Mtu aliyefutwa kwenye chama cha kijiji kwa kukosa mikutano alipata chama ambacho mtoto wake akipiga kelele mkutanoni hakuna anayegeuka. Ningependa pia vyama vya kawaida viyatazame upya masharti yao. Mwanachama mwenye mtoto wa namna hii asitozwe faini ya kukosa. Mkutano ufanyike kwake zamu moja kati ya tatu. Hilo halihitaji mfadhili.

Niseme na wanaume wenzangu kidogo.

Babake mvulana yule yuko Mombasa. Kwanza alikwenda kutafuta vibarua, kweli kabisa. Kisha pesa zikaanza kuja kwa kuchelewa, kisha ikawa simu tu, kisha hata simu zikakoma. Familia yake ilimnong'oneza kwamba ukoo wao hauna watoto wa hivi, hivyo damu hii imetoka kwingine. Sasa ana mke mwingine. Nilimpata, tukanywa chai. Hakuwa jitu. Alikuwa mtu anayeogopa. Aliniuliza mara mbili kama mtoto ataongea, na mara zote mbili nikamjibu kwamba sijui, lakini anaijua njia ya kwenda kwenye mtungi. Baba, kama unanisikiliza, mtoto hahitaji uje na tiba. Uje Jumamosi ukae naye uani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ukikaa Jumamosi nne mfululizo utajua anapenda nini, anaogopa nini, anacheka wakati gani, na hapo mke wako atakuwa amelima nusu shamba.

Shule sitaisema sana leo, itabidi tuipe siku yake. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu alinieleza kwa masikitiko ya kweli kwamba hana mwalimu wa elimu maalumu, na kitengo chenye mwalimu huyo kiko mwendo usioweza kutembewa na mtoto wa miaka saba, achilia mbali huyu. Alisema mtoto aletwe siku za michezo aanze kuzoea. Ni mwanzo mdogo, nami nimeuandika.

Na jirani. Kuna bibi mmoja mjane, boma la tatu kutoka pale, aliyesikia tukizungumza uani siku ile nilipouliza nani amewahi kusema atakaa na mtoto. Hakusema neno. Wiki iliyofuata, siku ya soko, alikuja na kigoda chake mwenyewe, akakiweka karibu na nguzo, akafungua fundo, akamwambia mama, "Nenda, ukirudi utanikuta." Mama alikwenda hatua chache akarudi, akaenda tena, akarudi. Safari ya tatu bibi alimkaripia. Siku hiyo aliuza kunde kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu. Sasa bibi huja kila siku ya soko, na siku moja zaidi katikati.

Nilimkuta mwezi uliopita. Leso ilikuwa imetandikwa chini, na wote wawili wameketi juu yake, ungo wa kunde katikati. Mvulana alikuwa akitoa zile zilizoliwa na dudu, moja moja, akiisogeza kila moja karibu na jicho kabla ya kuitupa. Nikamwamkia bibi, akaitikia, nikamuuliza wanaendeleaje.

"Huyu anachambua kuliko mimi," alisema. "Mimi macho yamekwisha. Ukija tena tuletee ungo mwingine, huu umetoboka."